Ijumaa Newala, Jumatatu kazini: mwongozo wa kuishi wikendi juu ya uwanda wa Makonde

Novemba, Mtwara mjini, shuka linanata mgongoni usiku kucha na feni inazungusha joto lilelile. Wakati huohuo, karibu kilomita 140 kutoka hapo, kuna mji mdogo uliokaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na jioni watu wake wanatafuta masweta. Mji huo ni Newala. Nafanya kazi Mtwara mjini, na huu ni mwaka wa sita napanda Newala kila nikipata wikendi. Nimepanga nyumba ndogo ya vyumba viwili, nina majirani ninaowategemea na wanaonitegemea.

Wenzangu kazini wameniuliza sana waanzie wapi. Kila mara nimewajibu kwamba waanze na maji. Wengi hawapendi jibu hilo, kwa sababu walitaka niwaambie habari za baridi na za Shimo la Mungu, ule ukingo wa kutazamia bonde. Hayo yapo na nitayafikia, ila mtu asiyejipanga kwa maji atapanda wikendi mbili, ya tatu atatafuta sababu ya kubaki mjini.

Hatua ya kwanza: panda kama mgeni kwanza

Usipange nyumba safari ya kwanza. Lala nyumba ya wageni, na uende angalau mara tatu katika majira tofauti: Juni au Julai, Oktoba au Novemba, kisha Februari. Newala ya Julai si Newala ya Februari. Julai kuna ukungu asubuhi na upepo wa kusi unaopiga madirisha usiku mzima. Februari mvua inanyesha na barabara za mchanga ndani ya mitaa zinageuka vijito.

Upepo huo usiudharau. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtafiti wa mila na desturi, alikaa Newala kwa wiki kadhaa akiandika habari za Wamakonde, na jambo mojawapo alilolilalamikia ni upepo na baridi ya jioni. Zaidi ya miaka mia imepita na upepo ni uleule. Mimi naupenda, nalala vizuri nikiusikia. Mke wa rafiki yangu alikesha nao usiku mmoja, akaomba warudi pwani, na hakukosea. Ni vizuri kulijua hilo kabla hujalipa kodi.

Hatua ya pili: maji kabla ya chumba

Juu ya uwanda hakuna mto wala kijito. Udongo ni wa kichanga. Mvua ikinyesha maji yanazama, yanakwenda kutokea chini kabisa kwenye miteremko na mabondeni. Ndiyo maana kwa vizazi vingi wanawake wa huku walishuka bondeni na mitungi, wakapanda nayo kichwani. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na mpaka leo maji ya bomba yanatoka visima vya Mitema, kwenye bonde la Kitangari, yanasukumwa kwa pampu kupanda juu. Yafikirie maji hayo kila unapofungua koki: yamepanda mlima kukufikia. Huwezi kuyatumia kama mtu aliyekaa kando ya mto.

Nyumba yangu ya kwanza ilinifunza kwa uchungu. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, na uani kulikuwa na bomba linalong'aa. Dalali hakulifungua, nami sikumwambia alifungue. Wikendi tatu mfululizo bomba lilikohoa hewa tu, nikawa nanunua maji ya ndoo kwa kijana wa baiskeli. Wikendi ya nne jirani alinionea huruma akaniambia: limekatwa zamani, mpangaji aliyetangulia aliacha deni, na mwenye nyumba anajua. Nilikuwa nimeshalipa kodi ya miezi sita.

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, fungua bomba kwa mkono wako mwenyewe. Omba kuona risiti ya mwisho ya maji. Halafu uliza mtaa ule unapata maji siku zipi; umuulize jirani, kwa sababu mwenye nyumba anataka mpangaji na jirani hana anachouza.

Baada ya bomba, tafuta kisima cha mvua. Nyumba nyingi nzuri za Newala zina kisima cha chini ya ardhi kilichopigwa lipu ya saruji, kinachopokea maji ya bati kupitia gata. Hiki ndicho kitu cha thamani kuliko vyote kwenye ile nyumba, kuliko hata sebule. Funua mfuniko, mulika na tochi. Angalia kama lipu ina nyufa. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe mpaka liguse chini, kisha lipandishe upime sehemu iliyolowa. Ukiweza, fanya hivyo Oktoba, mwezi ambao mvua haijaonekana tangu Mei. Kisima kilichobakiza maji Oktoba ni kisima cha kweli.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 1,200. Toa yanayoruka na kuvuja kwenye gata, chukulia lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Sisi tukiwa wanne tunatumia ndoo nane kwa wikendi, kwa kuoga, kupika, kuosha vyombo na chooni. Mvua moja nzuri imetubeba wikendi sita. Ukishaifanya hesabu hii utaacha kuiona mvua ya Januari kama usumbufu wa safari.

Mvua mbili za kwanza za msimu, mwishoni mwa Novemba au Desemba, usizipeleke kisimani. Bati limekaa miezi mingi likikusanya vumbi, mavi ya ndege na salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Chomoa bomba la gata, acha paa lioge, kisha lirudishe. Weka wavu kwenye mdomo wa kisima na mfuniko usiopitisha mbu. Maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana meupe kama ya dukani.

Kama nyumba haina kisima lakini umeipenda, nunua simtanki la lita 500 uliweke juu ya matofali kabla hujanunua kitanda. Kitanda unaweza kuazima.

Hatua ya tatu: nyumba yenyewe

Wageni wote wanataka nyumba ya ukingoni, yenye kuona bonde la Ruvuma. Mimi nashauri kinyume chake. Ukingoni upepo unapiga bati moja kwa moja, na vumbi la kiangazi linaingia mpaka ndani ya sukari. Panga mitaa ya ndani, karibu na soko na stendi, na ukingo uufuate kwa miguu jioni. Madirisha ya upande wa kusini yawe na vioo au mbao zinazofunga sawasawa. Wavu peke yake hautoshi Julai. Tazama misumari ya bati. Tazama choo na shimo lake.

Umeme ni wa LUKU. Hakikisha mita ni ya nyumba yako peke yako, au mkubaliane kwa maandishi namna ya kugawana. Taa moja ya sola iwepo ndani.

Mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa heshima na anakuita mwanangu. Usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Uandike ndani yake nani analipa bili ya maji, nani anasafisha kisima na lini, na kwamba wewe unakuja siku za mwisho wa juma tu. Hili la mwisho lisiachwe. Nyumba inayofungwa siku tano inazua maswali, na ni bora maswali yajibiwe mapema kwenye karatasi. Kodi lipa ya miezi mitatu kwanza kama atakubali.

Kununua kiwanja? Subiri mwaka mzima upite.

Hatua ya nne: jitambulishe

Mtu wa wikendi ana hatari ya kuonekana mpita njia hata baada ya miaka mitano. Dawa yake ni kupiga hodi. Jumamosi ya kwanza kabisa, kabla hujafungua mizigo yote, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mjumbe, kisha nyumba za kulia, kushoto na mbele.

Mimi nilianza kwa bibi wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mbaazi. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ungo. Kisha akauliza: "Mwanangu, umekuja na maji au umekuja kuyatafuta?"

"Nimekuja na ndoo mbili, bibi."

"Haya. Zikiisha hizo, piga hodi. Na sisi siku tukikosa chumvi tutapiga hodi kwako."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka leo. Ufunguo wangu wa akiba uko kwake. Mjukuu wake anafagia uwanja katikati ya juma, namlipa kila mwisho wa mwezi, bila kuchelewa. Nikisikia msiba mtaani nikiwa Mtwara, natuma rambirambi kwa simu, na nikipanda nakwenda kutoa pole kabla sijakaa kula. Mtu anayekosa misiba ya mtaa hatasaidiwa na mtaa, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Hatua ya tano: barabara na gari

Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kipande cha kwanza, kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata, kina lami. Kutoka hapo unapita Tandahimba kwenda Newala, na kilomita 160 za Mnivata mpaka Masasi ndizo zilizoingizwa kwenye ujenzi wa lami. Kwa hiyo kabla ya kila safari uliza dereva, siyo ramani ya simu, hali ya njia ikoje wiki hiyo. Kuna njia ya pili ya kuzunguka: Mnazi Mmoja, Masasi, kisha kama kilomita 70 kupanda Newala. Ni ndefu sana, lakini mvua zikikaza watu huichagua.

Ijumaa toka mapema. Ukisubiri saa ya kutoka kazini utapanda gari la mwisho, lililojaa, na utafika usiku kwenye mitaa ya mchanga usiyoijua. Mimi nimeshapatana na mkuu wangu wa kazi: Ijumaa naingia saa moja kamili asubuhi, natoka mapema. Kama una gari lako, punguza upepo wa matairi kidogo unapoingia kwenye mchanga mzito na ubebe koleo. Desemba mpaka Aprili usisafiri usiku.

Msimu wa korosho malori yanashuka kuelekea bandari ya Mtwara. Ongeza saa nzima kwenye hesabu yako, na usilipite lori kwenye vumbi usiloona mbele yake.

Hatua ya sita: cha kupanda nacho, cha kushuka nacho

Kutoka pwani panda na samaki. Nunua asubuhi, safisha palepale, panga kwenye ndoo yenye mfuniko, tabaka la barafu, tabaka la samaki. Nazi beba tano au sita. Beba blanketi, sweta la kila mtu, chandarua (baridi haifukuzi malaria), tochi, dawa za nyumbani, na uniti za LUKU ulizonunua kabla ya kuondoka. Samaki mmoja mzuri ni wa jirani. Samaki huyo usimle, hata kama wageni wameongezeka.

Kushuka utashuka na mihogo, mbaazi, kunde, maembe ya msimu, na ukibahatika ming'oko. Kwa asiyeijua: ni mizizi myembamba ya porini, inachimbwa, inachemshwa na chumvi. Bibi wangu huimenya ikiwa bado ya moto, akiiminya kwa vidole viwili ganda linavuka lenyewe, kisha anaichovya kwenye pilipili na chumvi iliyosagwa pamoja. Jumamosi saa nne asubuhi, nje kuna ukungu, sahani ya ming'oko katikati ya mkeka. Kwa sahani hiyo mimi napanda barabara yote ile.

Hatua ya saba: Jumamosi na majira yake

Sokoni nenda asubuhi. Kuchota maji na kufua vimalizike kabla ya saa sita. Baada ya hapo siku ni yako.

Shimo la Mungu usiliendee asubuhi ya Julai, utaona ukungu mtupu. Nenda kama saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeshuka upande. Ardhi inakatika miguuni pako ghafla, na chini yake bonde linaanza, miti inakuwa kama nyasi, mpaka mbali kabisa unapouona Ruvuma kama mkanda wa mchanga na maji, na ng'ambo yake Msumbiji, kwenye uwanda wa Mueda, ambako nako ni kwa Wamakonde. Septemba na Oktoba moshi wa mashamba yanayochomwa huficha mbali. Siku safi kuliko zote ni za Aprili mwishoni na Mei, mvua zikishasafisha hewa. Watoto washikwe mkono, na uanze kurudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Kuanzia kama Juni mpaka Agosti wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Mashine zinaunguruma usiku mwingi au alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande. Unga ule wa njano unasafiri. Mwenye pumu afunge madirisha ya upande wa mashamba, nguo zisilale kwenye kamba, na asubuhi watoto waoshwe macho kwa maji safi kabla hawajaanza kuyafikicha. Usilalamike kwa majirani. Mti usiopulizwa hauzai vizuri, na korosho ndiyo mahitaji ya shule ya mtaa mzima.

Oktoba mpaka Desemba korosho zinaanguka. Sheria ya kwanza kwa mgeni: korosho iliyoanguka chini ya mti ina mwenyewe. Kuokota hata kiganja ni wizi na itakuvunjia heshima uliyoijenga kwa mwaka. Bibo, lile tunda la mkorosho, liombe, utapewa mpaka ushindwe kubeba. Watoto waonywe mapema wasipasue korosho mbichi kwa meno, kwa sababu mafuta ya ganda lake yanababua midomo na ngozi. Ni msimu wenye furaha na wenye gharama. Minada ya ushirika ikianza, nyumba za wageni zinajaa na bei za vitu zinapanda. Kama unangojea wageni wako wikendi hizo, wapange kulala kwako.

Likizo za shule utasikia ngoma usiku. Huenda ni jando au unyago. Kuna sehemu ya sherehe ambayo ni ya watu wote, siku watoto wanapotoka na mapiko, wachezaji wa vinyago, wanapocheza, na hapo utakaribishwa. Kuna sehemu ambayo si yako, hasa likumbi, kambi ya wavulana. Usiisogelee, usiulize yanayofanyika ndani, na simu ya picha ibaki mfukoni mpaka mzee mwenye shughuli akuruhusu. Ukialikwa, nenda na kitu mkononi: mchele, sukari, au fedha ndani ya bahasha.

Hatua ya nane: kufunga na kushuka

Shuka Jumapili mchana kama unaweza. Ukiamua kushuka Jumatatu alfajiri, sikiliza hili kwa makini. Newala iko jirani na mpaka, na simu ikikaa upande wa bonde inaweza kudaka mtandao wa Msumbiji. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Nilitega kengele saa kumi na nusu alfajiri, simu usiku ikadaka mtandao wa ng'ambo na saa yake ikarudi nyuma yenyewe. Ilipolia ilikuwa kumi na moja na nusu ya Tanzania, na gari langu lilikuwa limeshaondoka. Nilifika kazini saa saba mchana, siku ambayo kulikuwa na kikao nilichopaswa kukiongoza. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima kubadilisha saa kwa mtandao, zima na huduma ya nje ya nchi ili usikatwe salio. Na umwombe jirani anayeamka kuswali alfajiri akugongee dirisha.

Kabla ya kufunga mlango, zima swichi kuu, toa mtungi wa gesi kwenye jiko, mwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo za uani mbu wasizaane, na utazame kwenye pembe za kuta kama mchwa wameanza njia zao za udongo. Wiki moja inawatosha kufika kwenye fremu ya mlango. Funika kisima, weka jiwe juu ya mfuniko. Pima maji kwa kamba yako, andika kwenye daftari tarehe na kina.

Kisha pita kwa jirani. Mwambie utarudi lini, na kama hutarudi wikendi ijayo mwambie hivyo pia, asije akakubakizia mbaazi zikaharibika. Muulize kuna nini cha kumletea kutoka mjini. Bibi yangu kila mara ananiagiza kitu kimoja: dagaa, na wasiwe na mchanga.